Mwaka Mama Mdogo Zena Alipoota Jua

Kwenye hitima ya Sudi, pale Gongoni, Tabora, tuliokaa chumba cha uani tulikuwa hawa: mimi Tatu binti Kasimu, ambaye Sudi alikuwa akiniita dada kwa kuwa mama zetu walizaliwa tumbo moja, Mwamvita binti Selemani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta tangu tukiwa wasichana, Asha, mjane wa Sudi, na eda yake, Kristina, aliyekuja na treni kutoka Bukene kwa sababu marehemu mama yake, Mama Anastazia, alikuwa rafiki wa nyumba hii, na Zena, binti mkubwa wa Sudi, aliyepewa jina la bibi yake. Wanaume walikuwa barazani na misahafu yao, sisi ndani na sinia la pilau. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mwamvita alisema Sudi alizaliwa kwa dua. Asha akasema hapana, yeye tangu anaolewa alisikia habari za kuku aliyepasuliwa Goweko, na kwamba kuku ndiye aliyesema kweli. Kristina akasema, "Jamani, kwetu Bukene tunajua ni kinyundo cha Sista." Wakanigeukia mimi. "Wewe ulikuwepo," Mwamvita akaniambia, "tena ndiye uliyekishika hicho kinyundo. Andika basi, kabla na wewe hatujakusomea." Shule yangu ilikuwa ndogo, ya kunitosha kusoma jina la stesheni nisije nikapitilizwa na treni. Lakini majina ya watu hayajawahi kunitoka, na mwaka ule sijausahau. Naandika.

Sitaeleza nilivyofika kwa mama mdogo Zena, mama yake Sudi. Nilikuwa mwari, posa yangu imeshapokelewa, nikapelekwa kwake nikae mpaka siku ya harusi. Ile nyumba ilikuwa na chumba cha mbele kilichotazama barabara ya zamani, ile waliyopita wapagazi na pembe, na nyuma uani kulikuwa na jiko la mawe, mtungi wa maji na ukuta uliopata jua tangu asubuhi. Nilipoingia siku ile ya kwanza, kiangazi kimeshapamba moto, mbwa wamelala chini ya mitungi ndimi nje, nilimkuta mama mdogo ameegemea ukuta ule, juani, amejifunika blanketi. Nikampa shikamoo. Akanitazama. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Ndipo marahaba ya kwanza ikatoka, nzito, kama sauti ya mwanamume aliyeamshwa. "Tatu," akasema, "nipishe... unanikinga jua." Nikasogea. Nilikuwa nimemwona harusini kwake, mwembamba, mwepesi wa kucheka. Sasa uso ulikuwa umejaa kama umekandwa maji, na nyusi zake zilikuwa zimeishia katikati, nusu ya nje imepotea. Nikajiuliza, nyusi huenda wapi? Hilo swali nililala nalo.

Nyumba ilikuwa na wakubwa wengine wawili. Baba mdogo Bakari, mumewe, alikuwa mchinjaji, ana bucha sokoni, mtu mpole asiyependa kelele. Na mama yake, Bi Nyamizi. Huyo nawaambieni alikuwa upepo. Mwembamba kama fito, macho makubwa, mikono haitulii, jasho linamtoka hata asubuhi ya kipupwe. Alifagia uwanja kabla hakujakucha, akalala baada ya wote, na katikati alisema. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kwenda pwani na chumvi kutoka Uvinza, na Bi Nyamizi alitembea kama naye ana mzigo begani na msafara unamwacha.

Watu wa leo wakisikia mama mdogo alivimba watadhani majirani walishtuka. Walimpongeza! Mke wa mchinjaji akinenepa ni sifa ya bucha. Wanawake walipita wakasema, "Zena, umenawiri mwenzetu, mafuta ya mbuzi hayo!" Yeye hucheka polepole, kicheko kinafika watu wameshaondoka. Na Bi Nyamizi mwanzoni ndiye aliyefurahi kuliko wote, kwa sababu aliyaona yale maji ya usoni na ule usingizi akasema ni mimba. Miaka ilikuwa imepita tangu ndoa na mtoto hakuna. Akamfunga kanga mpya, akamkataza kuinua ndoo, akatafuta asali ya porini. Miezi ikaenda, tumbo halikuja mbele. Akasema basi mimba imeingia mgongoni, imelala. Akaenda kwao Goweko kwa mfumu, mganga wao, kuku akapasuliwa, akarudi na dawa ya kuiamsha. Haikuamka. Hapo furaha yake ikageuka.

"Nimechoka kumlea mtu mzima," nilimsikia akimwambia mwanawe chumba cha mbele, mimi niko ukumbini nachambua mchele. "Anatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Ukimwita, mpaka aitike, aliyekuwa na shida ameshaondoka. Idi ikipita, Bakari, nakuoza mke. Na huyu arudi kwao akalale vizuri."

"Mama, ni mgonjwa."

"Mgonjwa anakonda. Wewe umeona wapi mgonjwa wa namna hii? Huyo amekula usingizi wa nyumba nzima, sisi wengine tumebaki macho."

Baba mdogo hakujibu, na mimi nilimjua: akikaa kimya mbele ya mama yake, jambo limepita. Kwa hiyo tangu siku ile nilijua tuna mpaka Idi. Mama mdogo naye alijua. Jioni, nikimsuka nywele, zikiniachia mkononi mafungu mafungu, aliniambia kwa sauti ile nzito, "Si uvivu, Tatu. Nikitaka kusimama... nasema simama, na mwili unasikia kesho." Alilia, na hata machozi yalikuwa hayana haraka.

Dresa Yohana wa zahanati alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya. Alimfunua kope akasema, "Damu hakuna. Safura." Akampa dawa ya minyoo, ile inayolevya, na vidonge vya damu vyeusi. Minyoo kweli ikatoka, na damu labda ikaongezeka, lakini baridi haikutoka. Tukarudi. Akampa tena. Mara ya tatu, akiwa anasinzia kwenye benchi, Dresa Yohana akamtazama kwa muda, akamshika shingo nyuma, hapa chini ya nywele, akapapasa. Watu wote kwenye benchi wakasogea mbali. Nani asiyejua kwa nini unapapaswa shingo? Malale. Siku zile malale ilihamisha vijiji vizima. Mtu anayesinzia mchana Tabora, kitu cha kwanza ni kushikwa shingo. Tukapelekwa hospitali kubwa ya serikali, akachomwa kidole, damu ikatazamwa, wakasema hakuna mdudu. Wakachukua mkojo na choo. Mwisho wakamlaza ubavu, wakamkunja kama mtoto tumboni, wakamchoma sindano ya uti wa mgongo. Nilishika mkono wake. Alikuwa baridi kama mtungi. Maji ya mgongo nayo wakasema safi.

"Kama si malale, ni nini?" nikamuuliza Dresa Yohana tuliporudi. Mama mdogo alinivuta kanga, msichana haulizi hivyo. Lakini yule mtu hakukasirika. Alivua kofia akasema, "Dada, mimi nina kidole, choo, mkojo na mgongo. Vyote tumepima. Kipimo kingine sina." Nimekaa na maneno hayo maisha yangu yote. Wengi walisema wanajua anachoumwa. Dresa Yohana peke yake alisema hajui, na ndipo kwa mara ya kwanza nikapata hamu ya kweli ya kujua. Kama kuna kitu hakionekani kwenye damu wala mgongoni, kimejificha wapi?

Sokoni lakini habari ilikuwa imeshatangulia, na wengine waliikwepa nyama ya Bakari wakidhani malale inapanda kwenye ndoano za bucha. Mmoja ambaye hakukwepa ni Mama Anastazia. Alikuwa mkulima wa Bukene, Mkatoliki, akija Tabora na karanga na kurudi na nyama. Siku hiyo alikuja nyumbani kuchukua mguu wa mbuzi aliouagiza, akamkuta mama mdogo kwenye ukuta wake na blanketi. Akachuchumaa mbele yake.

"Huyu anasikia baridi?"

"Hapa juani," nikasema.

"Kule misheni kwetu kuna Sista daktari, wanamwita Sista Matilda. Shemeji yangu alikuwa hivi hivi. Alimpigisha magoti juu ya kiti, akamgonga kisigino kwa nyundo, akasema ugonjwa wako uko shingoni."

Bi Nyamizi, aliyekuwa akitwanga, alisimamisha mchi. "Amgonge kisigino ajue shingo? Basi na mimi nikiumwa jino mniguse kitovu!" Akacheka mpaka akakaa. Hata Mama Anastazia alicheka. Lakini baba mdogo alikuwa mlangoni, hakucheka. Wiki ile ile akasema anakwenda Bukene kununua mbuzi, na kwa kuwa mbuzi ni wengi, atatuchukua mimi na mkewe tumsaidie. Mama yake akamtazama, akaelewa, akaachia. Alisema tu, "Idi haingoji treni."

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Kutoka stesheni ya Bukene tulipanda lori la pamba mpaka misheni. Chumba cha Sista nakiona hivi sasa: sakafu nyekundu iliyong'arishwa, harufu ya dawa ya kusafishia, msalaba ukutani ambao mama mdogo aliuangalia akatafuta pa kuelekeza macho, na kiti kimoja cha mbao kisicho na mikono. Sista Matilda alikuwa mrefu, mikono ya shati imekunjwa, Kiswahili chake cha kusoma kitabuni, kila neno limesimama peke yake. Alimuuliza mama mdogo mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza. Unasikia baridi watu wakisikia joto? Choo kinapita siku ngapi? Siku zako za mwezi zikoje? Sauti hii ni yako au imebadilika? Mama mdogo alikuwa akivuta jibu polepole, nami nikamsaidia, nikajibu.

"Wewe funga mdomo," Sista akaniambia. "Mimi nataka kusikia namna anavyochelewa."

Nikafunga. Nilishangaa sana. Ule uzito wa mama mdogo, uliokuwa aibu ya nyumba, mtu huyu alikuwa akiusikiliza kama anavyosikiliza kifua. Akauliza kama kwao kuna mwingine wa namna hii. Mama mdogo akafikiri, akasema shangazi yao mmoja alikufa akiwa amejifunika ngozi ya ng'ombe karibu na moto, mwezi wa joto. Sista akaandika. Akauliza tunakula chumvi gani. Baba mdogo akasema ya Uvinza. Sista akasema kwao, nchi ya milima, chumvi ya kuchimba ilikosa kitu fulani, watu wakaota rovu, ule uvimbe wa shingoni. Hajui ya Uvinza ikoje. Nilikuja kumsimulia Bi Nyamizi hilo, akasema, "Hiyo chumvi baba yangu aliibeba begani. Asiitukane."

Kisha kikaja kiti. Mama mdogo akapiga magoti juu yake, nyayo zimening'inia nje. Sista akatoa kinyundo cha mpira, akagonga mshipa ule wa juu ya kisigino. Unyayo ukaruka. Halafu, nawaambieni nilichokiona, haukurudi. Ulikaa juu, ukafikiri, ukashuka kidogo kidogo kama mlango mzito unaojifunga wenyewe. Sista akagonga tena. Vile vile. Akaniambia nipande mimi. Wangu uliruka na kurudi kabla sijajua. Baba mdogo naye akapanda, na kofia yake kichwani, ukaruka na kurudi. Nikaomba nishike kinyundo. Sista akanipa, mama mdogo akapanda tena. Niligonga cha mama mdogo mwenyewe, nikauona ule mshipa ukichelewa kama vile marahaba yake ilivyochelewa, na nikaelewa, mimi mwari wa Gongoni nisiyejua kitu, kwamba hakuwa mvivu. Hakuna mtu anayeweza kufanya uvivu kisiginoni.

"Kuna mashine ya kupima pumzi, na kuna vipimo vya damu, viko mbali, sitavipata," Sista akasema. "Mimi nina kinyundo na macho. Hapa shingoni, mbele, kuna tezi. Ya huyu imeacha kazi. Nitampa dawa, akipata joto, basi tumejua." Akaweka kopo mezani. "Dawa inatoka tezi hiyo hiyo ya mnyama, imekaushwa."

Baba mdogo, mchinjaji, akauliza kilichomjia. "Mnyama gani?"

Angeweza kusema kondoo. Tusingejua kamwe. Sista akaligeuza kopo, akasoma, akanyanyua uso. "Nguruwe."

Mvua ilikuwa inaanza juu ya bati. Baba mdogo akasema polepole kwamba shehe wake aliwahi kufundisha kuwa kwa dawa, kama hakuna nyingine kabisa, Mungu ni mwenye kusamehe. Nikamtazama mama mdogo. Alikuwa bado amepiga magoti juu ya kiti. Akasema, na safari hii jibu lilikuja upesi kuliko yote niliyowahi kumsikia mwaka ule, "Uliza kwanza kama hakuna nyingine."

"Mbuzi anayo?" baba mdogo akauliza.

"Kila mnyama anayo. Mbuzi, kondoo, ng'ombe."

Kesho yake Bakari alichinja mmoja wa mbuzi wake nyuma ya jengo la misheni, na Sista akaja na aproni. Alifungua koo, akaonyesha kwa ncha ya kisu vinyama viwili vyekundu vimeshikana na koromeo, huku na huku. Baba mdogo akaviangalia, akamwangalia Sista. "Hivi? Hivi navijua. Hivi vinakwenda na shingo." Sista alisema ataagiza vidonge vya kondoo, vitakuja kwa meli, vitachelewa. Kabla ya vidonge, mwalimu wa mwalimu wake aliwapa watu tezi yenyewe, imepitishwa motoni kidogo tu. Akakata kipande kidogo kama punje ya hindi. "Hiki tu. Moyo wake umelala muda mrefu. Ukiuamsha kwa fujo utaumia." Akatupa siku za kurudi. Na tulirudi, kila alipotuita.

Treni ilikuwa inakaribia Tabora baba mdogo aliponigeukia. "Shingo," akasema. "Mama hatakubali."

Lazima nieleze, kwa maana vijana hamjui. Katika nyumba ile kila kiungo kilikuwa na mwenyewe. Kila alichochinja Bakari, shingo ilikuwa ya mama yake, koo na koromeo na vyote vilivyoshikamana navyo. Ndivyo alivyofanyiwa mama mkwe wa Bi Nyamizi, na yeye alingoja zamu yake. Alikuwa akiichemsha na chumvi ya Uvinza, anafyonza mfupa kwa mfupa. Kumnyima shingo yake ni kumwambia hana mwana.

Basi baba mdogo akajaribu njia ya woga. Alivitoa vile vinyama bucha, akaleta shingo kama kawaida. Bi Nyamizi aliifungua ile karatasi uani, akaigeuza mara moja.

"Nani ameila shingo yangu?"

"Ipo, mama."

"Ipo, lakini ameichokonoa mtu. Mimi shingo naijua kuliko uso wako. Hapa palikuwa na vitamu vyangu viwili." Akageuka. Mama mdogo alikuwa na kisahani mkononi, na juu yake punje yake ya dawa. "Ahaa! Usingizi wa nyumba haukutosha. Sasa shingo ya mama mkwe!"

Baba mdogo akaeleza, mpaka jasho likamtoka. Bi Nyamizi hakusikia. Alikuwa akizunguka uani, mikono inatetemeka, kanga imeshuka begani kwa joto, na mimi nikawa namtazama yeye, halafu mama mdogo na blanketi lake, halafu yeye. Mmoja ana baridi, mwingine ana joto. Huyu hawezi kuamka, yule hawezi kulala. Mmoja hajala shingo maisha yake, mwingine... Likanitoka.

"Bibi, hivi vitamu unavila kila siku?"

"Kila siku ya Mungu! Kwani unataka na wewe?"

"Ndiyo maana husikii baridi?"

Wote wakanigeukia. Nikadhani nitapigwa. Badala yake baba mdogo akaleta kiti cha chumba cha mbele, akakiweka katikati ya uwanja, akasema, "Mama, panda." Sijui alipata wapi ujasiri. Bi Nyamizi alipanda kwa hasira, ili tuone kuwa ni upuuzi. "Gongeni! Gongeni mwone!" Kinyundo hatukuwa nacho. Nikachukua mwiko wa ugali, nikagonga kwa ubavu wake. Mguu wa Bi Nyamizi ulipiga kama wa punda, ukanichapa kidevu, mwiko ukaruka mpaka kwenye mtungi. Na nyuma yangu nikasikia kitu. Mama mdogo Zena alikuwa anacheka. Alicheka pale pale, sambamba na sisi, hakuchelewa.

Bi Nyamizi naye alisikia. Akashuka kwenye kiti, akatulia, jambo lisilo la kawaida yake. Tulipomuuliza Sista baadaye, alisema inawezekana vile vitamu ndivyo vilivyomtia joto, hawezi kuapa bila kumwona, aje. Bi Nyamizi hakwenda kamwe. Lakini siku ile alimtazama mkwewe muda mrefu, akasema, "Chukueni hivyo viwili. Nyama ya shingo ni yangu, na mfupa ni wangu. Asije akasema nimempa shingo."

Sitasema ilikwenda vizuri moja kwa moja. Bi Nyamizi, kwa kuwa sasa aliamini, aliamini kwa nguvu zake zote. Akaona punje ni uchoyo wa Wazungu. Akaanza kumpa mama mdogo vyote viwili, kisirisiri, amwamshe haraka kabla ya Idi, maana na yeye neno lake la Idi lilikuwa limemkaba, alishalisema mbele ya watu. Asubuhi moja nilimkuta mama mdogo ameshika kifua, kanga inaruka juu ya moyo, midomo imekauka. Baba mdogo alimpakia treni siku hiyo hiyo. Sista alimlaza, akamnyima kila kitu mpaka moyo ukapoa, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. "Nilisema punje!" Nawaambia ninyi mnaosoma: leo vidonge vipo, na damu inatolewa mkononi ukajulikana upungufu wako. Msiende kuchokonoa koo za mbuzi. Tulifanya vile kwa sababu hatukuwa na kingine, na tulikaribia kumzika.

Tangu hapo punje ilikatwa na mimi, mbele ya macho yangu ikaliwa. Mabadiliko hayakuja kama mvua. Yalikuja kama mtu anayerudi kutoka safari ya mbali, kwanza unaona vumbi lake. Siku moja blanketi liliachwa kitandani. Siku nyingine aliniuliza kwa nini nimetia chumvi mara mbili. Sauti ikarudi kuwa ya mwanamke. Nyusi, zile nilizojiuliza zilikwenda wapi, zikaanza kuchipua, na kila asubuhi nilizikagua kama bustani. Vidonge vya kondoo vilifika Ramadhani imeanza, akavimeza baada ya kufuturu. Na Bi Nyamizi, tangu anyang'anywe vitamu vyake, mikono ilitulia, mashavu yakajaa.

Idi ilipofika, niliamka kwa harufu ya vitumbua. Nilidhani ni Bi Nyamizi, maana hakuna aliyewahi kumtangulia kwenye jiko lile. Nikatoka uani. Mama mdogo Zena alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono wazi, jasho linamtiririka usoni, moto umeshakolea. Tukasubiri. Alfajiri ilipita, wanaume walioga wakaenda kuswali, na Bi Nyamizi bado amelala. Alitoka jua limepanda, macho yamevimba kwa usingizi, akasimama mlangoni akitazama moto ambao hakuuwasha yeye. Nikajua ni sasa. Atasema lile neno, au hatalisema.

"Idi njema, mama," mama mdogo akasema. "Shikamoo."

"Marahaba," akasema Bi Nyamizi. Akakaa. Akapokea kitumbua, akakila chote, akafuta mikono. "Vina sukari nyingi," akasema. Basi. Habari ya mke mwingine haikutajwa tena katika nyumba ile. Mwaka uliofuata, mimi nimeshaolewa, niliitwa kumpokea Sudi, na aliyemwosha kwanza ni Bi Nyamizi, akilalamika kuwa mtoto analia polepole.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia kina Mwamvita, lakini sikuwaambia, kwa sababu wakati wanabishana nilikuwa natazama kitu kingine. Zena, huyu mjukuu, alikuwa ametoka uani na sahani yake. Joto lile, sisi tunajipepea kwa sahani, yeye amevaa sweta, ameegemea ukuta. Ule ule ukuta. Wageni wakipita wanamwambia, "Zena umenenepa, ndoa imekukubali!" Naye anacheka, kicheko kinafika wameshapita. Nikamwita. Alichelewa kuitika. Nikasema nileteeni kiti na mwiko. Asha akaona aibu, msibani bibi anataka kufanya nini, lakini Kristina alikuwa ameshaelewa, alikuja nacho. Zena akapanda akipiga miayo. Nikagonga. Unyayo uliruka, ukakaa juu, ukafikiri. Chumba kizima kikaacha kula.

Jumatatu alipelekwa hospitali, wamemtoa damu ya mkono, majibu yamekuja kwenye simu ya mumewe, ni tezi ile ile, na kidonge kimoja kila asubuhi ameshaanza. Daktari, kijana mdogo, alimuuliza kama ukoo wao una mwingine, Zena akasema hajui. Ndiyo maana nimeandika haya kwa majina. Kama nimekosea, nisahihisheni. Mwamvita anasema lori la Bukene halikuwa la pamba, lilikuwa la karanga, labda. Shangazi wa ngozi ya ng'ombe sikumbuki kama alikuwa Mwashamba au Mwanshamba, na hilo linaniuma, maana ndilo jina la kwanza. Mwenye kulijua aniambie. Na kama kwenu, katika watoto na wajukuu wa kina Zena, yupo mwingine aliyekuwa akiota jua wakati wenzake wanatafuta kivuli, mkamwita mvivu, nitumieni jina lake nimwandike hapa, hata kama ameshakufa.